NAITI: KAZI YA USIKU YA NESI WA HOSPITALI, KIBAHA HADI KISARAWE

Wadau, kuna swali moja huwa linanijia kila nikisikia mtu anamlalamikia nesi. Tunasema "nesi alikuwa amelala", "nesi alinijibu vibaya", "nesi alichelewa". Ukiuliza ilikuwa saa ngapi, mara nyingi unaambiwa saa 8 usiku, saa 10 alfajiri. Lakini nani anauliza huyo nesi alikuwa peke yake na wagonjwa wangapi, na ni usiku wa ngapi mfululizo yuko kazini?

Simtetei nesi mwenye kauli mbovu. Nataka tujue kazi ya usiku ikoje, inamfanya nini anayeifanya, sheria inasemaje, na sisi wenye wagonjwa tufanye nini. Nimechukua Kibaha na Kisarawe kwa sababu ni wilaya za mkoa mmoja, Pwani, zote ziko jirani na Dar, lakini usiku wa Kibaha na usiku wa Kisarawe ni vitu viwili tofauti kabisa. Jambo la kushika ni moja: usiku hospitali inapungua watu wa kazi, lakini wagonjwa hawapungui. Pengo linalobaki analiziba nesi kwa mwili wake.

NAITI NI NINI

Manesi wenyewe wanaiita naiti. "Niko naiti", "natoka naiti", "kesho naingia naiti". Hospitali inafanya kazi masaa 24, kwa hiyo siku inagawanywa zamu: asubuhi, jioni na usiku. Kila hospitali ina ratiba yake, lakini zamu ya usiku ndiyo ndefu kuliko zote. Kwa kawaida inaanza kama saa 1 na nusu au saa 2 usiku na kuisha muda kama huo asubuhi, yaani kama masaa 12. Zamu za mchana ni fupi kwa sababu zinagawanywa mara mbili.

Zamu inaanza kwa makabidhiano. Anayetoka anampitisha anayeingia kitanda kwa kitanda: huyu kalazwa na malaria kali, dripu yake inaisha saa 4, huyu katoka kufanyiwa upasuaji, huyu presha ipimwe kila baada ya masaa manne. Kitu kikisahaulika hapo kinaweza kukaa hadi asubuhi bila mtu kujua. Ndiyo maana nesi anayekimbilia daladala ya mwisho, na anayeingia akiwa amechelewa kwa foleni, wote wawili ni hatari kwa mgonjwa hata kama ni wachapakazi.

Mchana hospitali ina daktari wa wodi, mganga mfawidhi, watu wa maabara, wafamasia, mtu wa mionzi, wahudumu wa usafi, watu wa malipo na bima, madereva, na wanafunzi wa uuguzi wanaojifunza. Usiku wengi wao hawapo. Daktari wa zamu anaweza kuwa mmoja kwa wodi kadhaa, na bingwa yuko nyumbani anasubiri simu. Nesi ndiye anabaki na wodi. Ndugu wakigombana, yeye. Umeme ukikatika, yeye. Mgonjwa akifariki, yeye ndiye anaandaa mwili, anaandika, na anatafuta maneno ya kuwaambia ndugu.

WAGONJWA WANAZIDIWA USIKU KWELI

Watu wengi wanadhani usiku kazi ni nyepesi kwa sababu wagonjwa wamelala. Sio hivyo. Kuna magonjwa yanapenda usiku. Pumu huwa inabana zaidi usiku wa manane na alfajiri. Mtoto aliyeshinda na homa mchana, wazazi wakimpa dawa wakisema tuone, ndiye anayeletwa saa 7 usiku akiwa na degedege. Na maumivu yoyote yanakuwa makali zaidi taa zikizimwa, kwa sababu mgonjwa hana cha kumsahaulisha.

Uzazi ndio kabisa. Mwaka 2018 ulichapishwa utafiti wa Uingereza ulioangalia vizazi zaidi ya milioni 5 vya kati ya 2005 na 2014. Zaidi ya asilimia 70 ya watoto walizaliwa nje ya masaa ya ofisi, yaani usiku, wikiendi au sikukuu. Akina mama walioanza uchungu wenyewe na kujifungua kwa njia ya kawaida, wengi walijifungua kati ya saa 7 usiku na saa 1 asubuhi, na kilele kilikuwa karibu saa 10 alfajiri. Bibi zetu waliokuwa wakunga walilijua hili bila utafiti. Kwa hiyo saa ambayo leba ina kazi kuliko zote ndiyo saa ambayo hospitali ina watu wachache kuliko zote.

KIBAHA: USIKU WA BARABARA

Kibaha ndiyo makao makuu ya mkoa wa Pwani, kama kilomita 40 kutoka Dar kwa barabara ya Morogoro. Hospitali ya Tumbi ipo hapo hapo. Ilianza miaka ya 1960 kama kituo cha afya, ndani ya mradi wa nchi za Nordiki uliozaa Shirika la Elimu Kibaha mwaka 1970. Leo ni hospitali ya rufaa ya mkoa wenye watu zaidi ya milioni 2 kwa sensa ya 2022.

Kazi ya usiku ya Tumbi huwezi kuielewa bila kuielewa barabara. Karibu gari zote zinazotoka Dar kwenda Morogoro, Dodoma, Mbeya, Mwanza, hadi Zambia, Kongo, Rwanda na Burundi, zinapita Kibaha. Malori hayalali. Mabasi kwa miaka mingi yalizuiwa kusafiri usiku, lakini mwaka 2023 serikali iliondoa zuio hilo na mabasi yakaanza kupewa vibali vya kutembea usiku kucha. Kwa abiria ni nafuu. Kwa nesi wa mapokezi ya dharura maana yake ni kwamba barabara sasa ina watu saa zote.

Ajali sio kama mgonjwa wa kawaida anayekuja mmoja mmoja. Ajali ya basi inaleta watu 15 au 20 kwa dakika chache, juu ya difenda, pikapu za wasamaria wema na gari la wagonjwa. Hapo nesi hapokei kwa foleni. Anapanga kwa uzito: nani hapumui vizuri, nani anavuja damu, nani anaweza kusubiri. Anayepiga kelele sana mara nyingi anaweza kusubiri, kwa sababu mwenye kupiga kelele anapumua. Aliyekaa kimya kwenye kona ndiye wa kukimbiliwa. Ndugu hawaelewi hilo. Wanaona wao wamefika kwanza na wamepitwa, na matusi yanaanza.

Na wakati huo wodini kwingine kazi haijasimama. Nesi mmoja akivutwa kwenda kusaidia dharura, wodi yake inabaki na mtu mmoja au haina mtu. Mgonjwa wa wodi hiyo anabonyeza, anaita, hakuna anayekuja. Kesho anasema nesi alikuwa amelala.

KISARAWE: USIKU WA UMBALI

Sasa hamia Kisarawe. Mji uko juu kwenye vilima, ukipita Pugu na ule msitu. Ni karibu na Dar kiasi kwamba wapo wanaokaa Gongo la Mboto na kufanya kazi huko. Lakini wilaya yenyewe inaenda mbali sana ndani: Masaki, Maneromango, Mzenga, Chole, hadi Mafizi upande wa Rufiji. Hospitali ya wilaya iko mjini, na huko vijijini kuna vituo vya afya na zahanati.

Kwenye zahanati naiti haina hata ratiba. Nesi anakaa nyumba ya jirani na zahanati au kapanga kijijini, na mchana kashinda kliniki ya watoto na wajawazito. Usiku hodi inapigwa mlangoni: "Sista, tuna mgonjwa." Anaamka, anachukua tochi au simu, anaenda. Akirudi saa 9, saa 2 asubuhi foleni ya kliniki inamsubiri. Huyu hayupo zamu ya usiku kwenye karatasi yoyote, lakini anafanya usiku na mchana. Kwa maoni yangu huyu ndiye anayesahaulika kuliko wote.

Shida kubwa ya usiku wa Kisarawe ni rufaa. Mama katoka damu nyingi baada ya kujifungua. Kutoka damu baada ya kujifungua kunaweza kuua ndani ya masaa mawili kama hakuna matibabu. Nesi anachoma oksitosini, anakanda mfuko wa uzazi, anaweka dripu, halafu anahitaji gari. Mvua za masika zikiwa zimenyesha, barabara ya udongo inageuka utelezi, na bodaboda anayekubali kutoka saa 8 usiku sio yeyote.

Hapa kuna kitu kimebadilika na kila mtu akijue. Kuna mfumo wa usafiri wa dharura unaoitwa m-mama, uliozinduliwa kitaifa mwaka 2022, kwa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga. Namba ni 115, ni bure. Gari la wagonjwa likiwa mbali, mfumo unatafuta dereva wa jamii aliyesajiliwa na kumlipa yeye, sio wewe. Nesi aliye peke yake zahanati usiku akiwa na namba hiyo anaweza kubaki na mgonjwa badala ya kuzunguka kijijini kugonga milango ya wenye magari.

Jambo jingine: Tumbi ndiyo rufaa ya mkoa, lakini ukitoka Kisarawe mjini lami inakushusha Pugu na Gongo la Mboto, yaani unaingia Dar. Nesi anayesindikiza mgonjwa usiku anaweza kuvuka mkoa mzima na kurudi asubuhi. Na akisindikiza yeye, nyuma amebaki nani?

HESABU YA LEBA

Nataka muone kwa namba, maana maneno matupu tumeshayazoea. Mama mwenye uchungu uliokolea anafuatiliwa kwa karatasi maalum inayoitwa patografu. Mapigo ya moyo wa mtoto yanasikilizwa kila nusu saa. Uchungu nao unahesabiwa kila nusu saa, na ili uuhesabu unaweka mkono tumboni kwa dakika 10 unaangalia umekuja mara ngapi.

Haya, chukua mkunga mmoja usiku ana akina mama wanne wa aina hiyo. Dakika 10 mara wanne ni dakika 40. Lakini kila nusu saa ina dakika 30 tu. Hapo bado hajasikiliza moyo wa mtoto hata mmoja, hajapima presha, hajaandika, hajanawa mikono, na hakuna aliyejifungua. Akijifungua mmoja, huyo anahitaji mtu wake mwenyewe na mtoto anahitaji mtu mwingine.

Kwa hiyo mkunga wa peke yake mwenye akina mama wanne hawezi kufuata maelekezo hata akiwa malaika. Hata asinzie au asisinzie, dakika hazitoshi. Atachagua, na akichagua vibaya mara moja, anaitwa mzembe. Huwezi kumaliza tatizo hili kwa semina ya kauli nzuri. Linaisha kwa kuongeza mtu wa pili usiku.

MWILI UNAKATAA

Binadamu ana saa ndani ya mwili. Wanasayansi watatu wa Marekani, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, walipata tuzo ya Nobel mwaka 2017 kwa kuonyesha saa hiyo inavyofanya kazi ndani ya seli. Inafuata mwanga. Giza likiingia mwili unatoa homoni ya usingizi, joto la mwili linashuka, tumbo linapunguza kazi. Kati ya saa 9 usiku na saa 11 alfajiri ndipo akili iko chini kabisa. Ndiyo saa ileile ya leba na ya pumu.

Mwaka 1997 watafiti wa Australia walionyesha kwamba mtu aliyekaa macho masaa 17 mfululizo anafanya kazi vibaya kama mtu mwenye pombe ya asilimia 0.05 kwenye damu. Piga hesabu: nesi ameamka saa 12 asubuhi kuandaa watoto waende shule, akashinda na kazi za nyumbani, akaingia naiti saa 1 na nusu. Ikifika saa 5 usiku tayari ametimiza masaa 17, na bado ana zaidi ya masaa 8 mbele. Dereva wa namna hiyo tungemshusha kwenye gari.

Ya muda mrefu yapo pia. Wanaofanya kazi za zamu kwa miaka mingi wanapata zaidi kisukari cha ukubwani, uzito, presha, magonjwa ya moyo na matatizo ya tumbo. Shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliiweka kazi ya usiku mwaka 2007 kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani, na likarudia msimamo huo mwaka 2019. Haimaanishi kila nesi ataugua. Maana yake ni kwamba kazi ya usiku ihesabiwe kama hatari ya kazini, kama kemikali au mionzi, na sio kama uvivu wa mtu kuikwepa.

SINDANO NA DAWA

Uchovu unaonekana zaidi sehemu mbili. Ya kwanza ni dawa. Manesi wanafundishwa mambo matano: mgonjwa sahihi, dawa sahihi, kipimo sahihi, njia sahihi, muda sahihi. Saa 10 alfajiri, taa hafifu, majina ya wagonjwa yanafanana, chupa mbili zinafanana. Dawa muafaka ni wawili kusomeana kwa sauti kabla ya kuchoma, na ndiyo sababu nyingine ya kutomwacha nesi peke yake.

Ya pili ni kujichoma sindano. Nesi akijichoma na sindano iliyotumika asifiche wala asingoje asubuhi. Anawa kwa maji yanayotiririka na sabuni, anatoa taarifa, na anaanza dawa za kinga dhidi ya VVU haraka iwezekanavyo, isizidi masaa 72, kisha anazimeza siku 28. Kila saa ikipita kinga inapungua. Hospitali ambayo dawa hizo zimefungiwa ofisini na ufunguo kaondoka nao mtu wa mchana, hiyo haijajiandaa kwa usiku.

NYUMBANI HAKULALIKI

Watu wanasema "si atalala mchana". Jaribu kulala mchana Maili Moja. Bati limepata moto, jua la Pwani hilo, muuza sumu ya panya anapita na kipaza sauti, fundi anakata vyuma, na Jumamosi mdundiko unapita barabarani na watu wote nyuma. Kisarawe ni kimya kidogo, lakini msimu wa ngoma za mwali usitegemee kusinzia. Usingizi wa mchana hata ukiupata unakuwa mfupi kuliko wa usiku kwa masaa kadhaa, kwa sababu saa ya mwili inakuamsha.

Na wengi wa manesi ni wanawake. Akirudi asubuhi nyumba inamwona "yupo". Mtoto anataka kunyonya, maji hayajachotwa, mama mkwe kaja kusalimia, msiba wa jirani anatakiwa akaonekane. Baba akitoka naiti watu wanaambiana "nyamazeni, baba kalala". Mama akitoka naiti anaulizwa mchana tunakula nini. Wapo pia wanaume wanaonuna mke kulala nje ya nyumba siku tano mfululizo, na majirani hawakosi la kusema. Ndoa zinaumia hapo bila mtu kukosea.

Ramadhani ina hali yake. Kwa nesi aliyefunga, naiti inaweza hata kuwa nafuu kwa sababu futari na daku vyote viko usiku na mchana analala. Lakini daku ale kweli na anywe maji ya kutosha, sio kahawa tupu, maana saa hiyo ndiyo mwili uko chini.

SHERIA INASEMAJE

Hapa wengi hawajui haki zao. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ina kifungu cha 20 kinachohusu kazi ya usiku. Haya ndiyo ya msingi:

1. Usiku ni kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi.

2. Kila saa ya usiku inalipwa nyongeza isiyopungua asilimia 5 ya mshahara wa msingi. Mfano, kama saa yako moja ni shilingi 4,000, nyongeza ni shilingi 200. Usiku mzima wa masaa 10 ni shilingi 2,000. Ni ndogo, ndiyo, lakini ni yako.

3. Mjamzito asifanyishwe kazi usiku miezi miwili kabla ya tarehe ya kujifungua, na hata mapema zaidi akiwa na cheti cha daktari. Ona hapa: likizo ya uzazi anaweza kuianza wiki 4 kabla. Kwa hiyo kuna mwezi mzima ambao nesi bado yuko kazini lakini haruhusiwi kupangwa naiti. Ni mwezi huo ndio rosta nyingi zinausahau.

4. Aliyejifungua asifanye usiku kwa miezi miwili, isipokuwa aombe mwenyewe na daktari athibitishe kuwa hakuna hatari.

5. Mwenye cheti cha daktari kuwa afya yake haifai kwa kazi ya usiku, asipangwe usiku.

Ukiacha kifungu hicho, masaa ya kawaida ya kazi hayazidi 45 kwa wiki. Zamu ya masaa 12 inaruhusiwa kwa makubaliano ya maandishi, na masaa hayo yanahesabu pamoja na muda wa kula. Kati ya kutoka na kurudi kazini kuwe na mapumziko ya masaa 12, na kila wiki masaa 24 ya kupumzika. Usiku saba mfululizo wa masaa 12 ni masaa 84. Kila mtu ajijibu. Mama anayenyonyesha ana hadi masaa mawili kwa siku ya kumnyonyesha mtoto wakati wa kazi.

Watumishi wa umma wana kanuni zao pia na posho za masaa ya ziada na za kuitwa kazini, kwa hiyo nesi wa serikali aulize kwa katibu wa afya na kwa chama chake cha wafanyakazi, TUGHE au kingine, kabla ya kukata tamaa. Na aweke kumbukumbu: nakala ya rosta, tarehe, saa ya kuingia na kutoka. Malalamiko bila tarehe ni hadithi.

KINACHOSAIDIA NESI

Kabla ya usiku wa kwanza, lala mchana hata saa moja na nusu. Ule kabla ya kuingia, usiku kula kidogo kidogo, acha chipsi za saa 7. Chai ya rangi au kahawa inywe mwanzo wa zamu, iachwe kama masaa 6 kabla ya kulala. Mkiwa wawili, pokezaneni kusinzia dakika 20 hadi 30. Huo sio uzembe, unapunguza makosa. Kulala masaa manne na wodi haina mtu, huo ndio uzembe.

Asubuhi vaa miwani ya jua njiani ili mwanga usikuamshe upya. Usijiendeshee pikipiki ukiwa unasinzia. Nyumbani weka pazia zito, hata kanga mbili zilizoshonwa pamoja, simu zima, na waambie watu wa nyumbani saa unayoamka. Nesi kiongozi naye apange naiti chache mfululizo, zifuatwe na ofu ya kweli, na asimtoe mtu naiti asubuhi akamwita kikao saa 4.

WEWE MWENYE MGONJWA

Usingoje usiku. Mtoto mwenye homa mpeleke mchana maabara ikiwa na watu. Ukienda usiku, beba kadi ya kliniki, kadi ya bima, na dawa zote anazotumia. Abaki ndugu mmoja mtulivu, sio kumi. Ukimwita nesi sema kilichobadilika: "amebadilika kupumua tangu saa 6", sio "njoo haraka". Ukiona mgonjwa anavuja damu, anabanwa pumzi, anadegedeka au haamki, hapo usione haya, piga kelele.

Na kama kweli umetendewa vibaya, andika jina la wodi, tarehe na saa, omba kuonana na msimamizi wa zamu, asubuhi nenda kwa mganga mfawidhi. Likiwa kubwa lipo Baraza la Wauguzi na Wakunga, lililopo kwa Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010, lenye uwezo wa kumchukulia hatua muuguzi. Ila kwenye malalamiko yako ongeza swali moja: usiku ule wodi ile ilikuwa na wauguzi wangapi? Likiulizwa na watu wengi, kila mara, Tumbi, Kisarawe na kwingineko, wapanga bajeti watalazimika kulijibu.

Haya wadau, mlio na dada, mke, mume au mama anayeingia naiti leo, mwachieni alale mchana huu. Na nyie manesi wenyewe, tupeni uzoefu wenu, nini kinawasaidia na nini kinawaumiza. Kazi njema kwa mlio zamu.